Usifunge Maji Guniani

Palikuwa na baba mmoja mkazi wa Cibitoke, ile ya kaskazini mwa jiji la Bujumbura, yenye avenyu za namba na nyumba za mabati zilizobanana, si mbali na Ngagara na Kamenge. Alijua jambo ambalo kila anayekula ugali Bujumbura analijua: mahindi hushuka bei msimu wa kwanza wa kilimo, yaani msimu A, unapovunwa, kuanzia Januari hadi Machi, na hupanda miezi ya mwisho wa mwaka, mbegu mpya zikiwa ardhini na vihenge vikiwa vitupu. Akakata shauri kununua Februari na kuuza Novemba. Akakopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, akafuata barabara ya taifa namba 5 hadi Gihanga, katika bonde la Imbo, anakolima shangazi yake.

Kwa shangazi na majirani zake akapata magunia 40. Mahindi yalikuwa yamekatwa juzi, yakapukuchuliwa jana. Mvua ilikuwa imesimama juu ya milima, na lori lilikuwa limewasha taa njiani.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "haya bado yana maji. Nipe siku sita za jua, kisha uje uyachukue."

"Shangazi, siku sita nitazitoa wapi? Lori nimelipata leo, na mafuta linayo leo. Likienda kwa mwingine, nitalipata tena lini? Na mvua hiyo si unaiona?"

"Naiona. Ndiyo maana nasema yaanikwe hapa penye uwanja. Ikinyesha tunafunika, ikikatika tunafunua. Huko kwako utayaanika wapi?"

"Kwangu kuna chumba cha simenti na bati jipya. Hayatanyeshewa hata tone."

Shangazi akaokota punje, akaiuma. Meno yakazama kimya, ilhali punje kavu hukatika kwa mlio. Akamwonyesha ile punje iliyobonyea, asiseme zaidi. Fedha zilikuwa za mpwa wake, na uamuzi pia.

Hebu tupige hesabu ambayo baba yule hakuipiga. Mahindi yanayovunwa mvua ikiendelea mara nyingi huwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi. Ili yakae salama ghalani yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13 hivi. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ni mwanachama wake tangu 2007, kinasema yasizidi asilimia 13.5. Magunia 40 ya kilo 100 ni tani nne. Kuzishusha tani hizo kutoka asilimia 20 hadi 13 kunahitaji kutoa zaidi ya lita 320 za maji. Hizo ni bidoni 16 za lita 20. Baba aliyejivunia kwamba chumba chake hakivuji aliingiza ndani bidoni 16 za maji kwa mkono wake, zikiwa zimefichwa ndani ya punje, akafunga mlango kwa kufuli.

Akayapanga magunia sakafuni, yakagusa simenti. Akayaegemeza ukutani ili yapate nafasi, akayapandisha karibu na bati. Dirisha akalifunga kwa kuogopa wezi. Juu ya yote akatandika shitingi, akaona amemaliza kazi.

Punje ya mahindi ni mbegu, na mbegu ni kitu hai. Inapumua, na inapopumua inatoa joto na mvuke. Ikiwa kavu, inapumua polepole sana, kama iliyolala. Ikiwa na maji, inapumua kwa nguvu. Joto linaongezeka katikati ya rundo, na joto hilo linawaamsha kuvu, ambao nao wanapumua na kuongeza joto jingine. Mchana bati la Cibitoke linaunguza, usiku linapoa, na mvuke uliopanda unageuka matone na kurudi juu ya magunia. Shitingi iliyowekwa kuzuia maji ya nje ikawa inazuia maji ya ndani yasitoke. Chini nako simenti ikawa inapitisha ubaridi na unyevu wa ardhi kwenye magunia ya kwanza. Mvua haikuwahi kuingia katika chumba kile, na mahindi yakaoza.

Wiki ya tatu wapangaji wakaanza kusikia harufu ya uvundo. Baba akafungua gunia la katikati, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa haraka: ndani palikuwa pa moto. Akaona punje zimeshikana, nyingine zina unga wa kijani na wa njano. Akafikiri ni wadudu. Akanunua dawa ya unga inayochanganywa na nafaka, akamwaga kila gunia.

Dawa ile ina kazi yake. Inaua fukusi, na ipo inayomuua dumuzi, yule mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 akawa amefika Burundi. Lakini kuvu si mdudu. Hakuna unga wa dukani unaoyakausha mahindi mabichi, wala unaoondoa sumu ambayo kuvu ameshaiacha. Baba alitumia fedha za pili kutibu ugonjwa ambao hakuujua.

Kosa lake la kwanza lilikuwa haraka. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, lilitokana na uchungu wa hasara. Aliyamwaga magunia sakafuni akayagawa mafungu matatu. Yaliyoonekana safi akayatenga kwa wenye maduka. Yaliyobadilika rangi kidogo akapanga kuyachanganya na mazuri na kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa unga haumwonyeshi mtu sura ya punje. Yaliyooza kabisa akasema hayatapotea bure: mengine yatakwenda kwa mama mmoja anayepika pombe, mengine kwa jirani anayefuga bata.

Bata walitangulia. Haukupita muda vifaranga vya jirani vikazubaa, vikaacha kula, vikaanza kufa kimoja kimoja. Jirani akaja na vifaranga viwili vilivyokufa mkononi, akasimama mlangoni. Hakugombana. Aliuliza tu, "Baba, yale mahindi uliyonipa, nanyi mnayala?"

Baba akampigia shangazi simu usiku uleule. Alitaka faraja, akapata amri. "Usiuze hata kilo moja," shangazi akasema. "Yaliyo kwa mama wa pombe, nenda ukayachukue kabla hajayaloweka. Deni nitakusaidia kuomba watu wa kikundi wakupe muda. Kaburi la mtoto wa mwenzio hakuna atakayekupa muda wa kulilipa."

Hapo kisa cha kufunzia kinaishia. Yanayofuata ni mambo yaliyotokea, yenye miaka na hesabu ya marehemu.

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika miezi michache. Wafugaji walidhani ni tauni mpya. Uchunguzi ukaonyesha chanzo kilikuwa chakula chao, mashudu ya karanga zilizoota kuvu. Hivyo ndivyo wanasayansi walivyoitambua sumu ya kuvu aitwaye Aspergillus flavus, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita sumukuvu. Vifaranga vya bata ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika nayo upesi kabisa, na ndiyo sababu katika kisa chetu vilitangulia kufa. Binadamu naye hasalimiki.

Kenya inajua hilo. Mwaka 1981, katika eneo la Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini kwa sumu hii na 12 wakafariki. Miaka 23 ikapita. Mapema mwaka 2004, katika maeneo yaleyale ya mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, mvua zisizotarajiwa ziliwakuta wakulima wakati wa mavuno ya Februari. Chakula kilikuwa haba, na watu waliogopa wizi. Wengi wakayaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba wanamolala, badala ya kuyaacha kwenye ghala lenye kupitisha hewa. Wakayala hayohayo. Watu wakaanza kugeuka macho ya njano, kutapika, kuvimba tumbo na miguu, kwa sababu sumu hii hushambulia ini. Hadi katikati ya mwaka wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamekufa.

Watafiti walipowalinganisha waliougua na majirani zao wazima, waliona kwamba waliougua ndio zaidi waliokuwa wamehifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba. Ni kosa lile la chumba cha Cibitoke. Kisha wakaenda masokoni, wakachukua sampuli 350 za mahindi na unga. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni. Sampuli 55 katika kila 100 zilikivuka, na 7 katika kila 100 zilizidi sehemu 1,000. Maana yake hasara ya nyumba moja haikubaki nyumbani. Ilitiwa kwenye magunia, ikapakiwa, ikauzwa kwa watu ambao hawakuwahi kuliona shamba lenyewe.

Tanzania nayo, mwaka 2016, iliwahesabu wagonjwa 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Hao ni wale wanaokufa kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi haonekani kwenye hesabu hiyo. Sumukuvu imethibitishwa kusababisha saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini ya aina ya B, ugonjwa ambao Afrika Mashariki haujaisha.

Tena sumu hii haifi kwa moto wa jikoni. Ugali uliosongwa ukaiva vizuri bado unayo. Pombe iliyochachuka bado inayo. Ng'ombe aliyelishwa pumba zenye sumu anaitoa katika maziwa. Punje inaweza kuonekana safi na kumbe imeshaguswa, kwa kuwa kuvu huweza kukauka na kupukutika sumu ikabaki. Ndiyo maana yale mafungu matatu ya baba wa Cibitoke yalikuwa fungu moja, na ndiyo maana wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao.

Mtu anaweza kusema: hii ni shida ya nchi maskini zenye joto. Kila nchi ina adui wa ghala lake. Ulaya na Amerika ya Kaskazini adui ni barafu. Kiazi kilichohifadhiwa kikipata baridi ya nyuzi moja au mbili chini ya sifuri, maji yaliyo ndani yake huganda na kupasua nyama yake. Kikiyeyuka kinakuwa laini, kinatoa maji, kinaoza na kuozesha vilivyo jirani. Hata kwetu Afrika Mashariki, wakulima wa Nyandarua wanaijua sakitu inayounguza viazi shambani. Mkulima wa nchi za theluji hangoji siku ya barafu ndipo ahangaike. Tangu zamani alichimba shimo au akajenga lundo, akatandika majani makavu mazito, akafunika kwa udongo, viazi vikalala salama chini yake, yote hayo kabla ya majira ya baridi kuingia. Anaiogopa baridi kwa sababu inauma ngozi yake mwenyewe. Bujumbura, ufukweni mwa Tanganyika, hakuna usiku wa kugandisha maji. Adui wetu anakuja na mvuke na joto, hali ambayo mwili umeizoea, kwa hiyo hatumwogopi. Kutomwogopa ndiko kunakompa nafasi.

Mababu zetu walimjua. Kihenge cha mlimani kilisukwa kwa vijiti au mianzi ili upepo upite, kikainuliwa juu ya nguzo ili ardhi isikiguse, kikaezekwa majani ili jua lisikiunguze wala mvua isikiloweshe. Tulipohamia mjini tulileta mahindi, tukakiacha kihenge na kanuni zake zote. Chumba cha simenti na bati ni kizuri kwa kumzuia mwizi. Kwa nafaka mbichi ni chungu kilichofunikwa. Anayetaka kuhifadhi Cibitoke ni lazima azirudishe zile kanuni kwa njia nyingine.

Kwanza, mahindi yakaushwe kabla ya safari. Yaanikwe juu ya shitingi au mkeka, kamwe yasiwekwe juu ya udongo mtupu, maana kuvu huyo anaishi udongoni. Tabaka liwe jembamba, yageuzwe mara kwa mara, yafunikwe mvua ikija na jioni kabla ya umande. Yaliyopasuka, yaliyoliwa na wadudu na yenye rangi ngeni yatolewe kwa mkono wakati huohuo. Kazi ya kuchambua inachosha, lakini inapunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mara nyingi sumu nyingi hukaa katika punje chache mbovu. Ushirika wenye uwezo utafute mashine ya kukaushia, kwa kuwa mavuno ya msimu A hayatapata jua la uhakika kila mwaka.

Pili, yapimwe. Usiye na kipimo cha unyevu tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia punje hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isipoganda, yako chini ya asilimia 15 hivi. Hapo usikimbilie kufunga: yape siku moja au mbili za jua zaidi ili yafike 13. Jaribio hili linagharimu chumvi ya vijiko vitatu. Baba wa kisa chetu angelifanya palepale Gihanga, kabla lori halijaondoka.

Tatu, yawekwe kama yanavyotaka kukaa. Magunia yapandishwe juu ya mbao, yaachwe mbali na ukuta kiasi mtu apite na kukagua, yasigusane na bati. Pawe na tundu la hewa juu lenye wavu wa kuzuia panya. Mvua ikikatika na jua likiwaka, dirisha lifunguliwe. Kila wiki mkono uingie ndani ya gunia. Penye joto pana maji, na gunia hilo litolewe nje siku hiyohiyo.

Nne, mifuko isiyopitisha hewa ni msaada mkubwa kwa aliyekausha. Ile ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kusuka nje, hukosesha wadudu hewa wakafa bila dawa yoyote. Asili yake ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue waliotafuta njia ya kuokoa kunde za wakulima wa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini mfuko huo haukaushi. Ukitia mahindi mabichi na kuufunga, umefunga maji, na maji hayana pa kwenda.

Tano, yakiharibika, yakubali kuwa yameharibika. Yasiuzwe, yasisagwe, yasipikwe pombe, yasilishwe mifugo. Yaharibiwe mbali na watoto na mbali na maskini atakayeyaokota kwa njaa. Najua neno hili ni gumu katika jiji ambalo kilo moja ya unga ni hesabu ya siku nzima kwa familia nyingi. Kwa ugumu huohuo narudi kwenye neno la kwanza: siku sita za jua Gihanga zilikuwa rahisi kuliko yote yaliyofuata.

Na wanunuzi nasi tuna sehemu yetu. Mahindi yanauzwa kwa kilo, na maji yana uzito, kwa hiyo anayeuza mabichi analipwa kwa ajili ya maji na anayekausha anaonekana mjinga. Vikundi vya akiba, wenye mashine za kusaga na wenye maduka ya Cibitoke wakianza kupima unyevu kabla ya kulipa, na wakaongeza bei kidogo kwa mahindi makavu, mkulima atakausha bila kusukumwa. Wazazi nao waulize yalikotoka na yalikaaje kabla ya kupeleka mashineni.

Mashariki ya Kenya walionywa mwaka 1981, na mwaka 2004 wakazika tena. Sisi tumeonywa kwa vifo vya wenzetu. Msimu A ujao, kabla hujafunga kamba ya gunia, uma punje, tikisa chupa ya chumvi, na mahindi yakikuambia bado, msikilize shangazi: yape jua.